Msufi wetu usikatwe





Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Busisi, Sengerema. Katika uwanja wetu umesimama msufi mkubwa. Kila kiangazi maganda yake hupasuka na sufi hutapakaa hadi madarasani. Watoto hufagia na kuchoma. Sasa baadhi ya wazazi wamependekeza mti huo ukatwe, eti ni mti wa takataka. Kikao cha kuamua ni mwezi ujao.

Mimi sikubaliani nao. Juzi niliwaletea wanafunzi wangu beseni la maji. Pamba ya kufungia vidonda ilizama, sufi ikaelea. Unyuzi wa sufi una uwazi ndani kama mrija, na nje una nta, kwa hiyo maji hayaupenyi upesi. Ndiyo sababu katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia majaketi ya kuwaokoa mabaharia yalijazwa sufi. Sehemu kubwa ilitoka kisiwa cha Java. Japani ilipokiteka kisiwa hicho mwaka 1942, sufi ikawa adimu, na mwaka 1944 watoto wa shule huko Marekani waliokota maganda ya magugu yenye nyuzi za namna hiyo. Wenzao walihangaikia badala ya sufi. Watoto wetu wanaichoma sufi yenyewe!

Sisemi tushone majaketi ya kuokolea. Hiyo ni kazi ya wataalamu. Lakini mto wa kulalia hauhitaji kiwanda. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, magari hupita moja kwa moja, na kina mama waliokuwa wakiwauzia chakula abiria wa kivuko wamepoteza wateja. Wapewe sufi washone mito, na shule ipate fungu lake la kununulia chaki. Pamba tunailima upya kila mwaka kwa jembe na dawa. Msufi hauombi hata palizi.

Nakiri kwamba sufi hushika moto upesi na vumbi lake hukera kifua. Basi maganda yaanguliwe yakikomaa, kabla hayajapasuka, na anayechambua ajifunge kitambaa puani. Hilo ni jambo la kupangiana zamu, si la shoka.

Wazazi wenzangu, mti wa miaka mingi hukatwa kwa siku moja. Tufikiri kwanza.

Mwalimu,
Busisi, Mwanza.