Deni ulishalipa, lakini jina lako lingali kwa kaye ya madeni

Msimu A unakaribia, na wakulima wengi wa Nyamitaba watatafuta mbegu ya maharagi na ya viazi kwa mkopo. Hapo ndipo wengine wanashangaa: COOPEC inawakatalia, sababu muuzaji wa mbegu na mbolea amesema hawakumlipa msimu uliopita. Na wao walilipa! Tena kama mkopo ni wa kikundi chenye kudhaminiana, jina moja linafunga mlango kwa wote.

Mara nyingi si wizi. Kwa vijiji vyetu Bahati ni wengi, Furaha ni wengi. Muuzaji akiandika jina moja tu, deni la huyu linamwangukia yule. Ao mtu alilipa kwa mifuko ya maharagi, kijana wa duka akapima, akapokea, lakini hakufuta mstari. Ao pesa ilipitia M-Pesa ao Airtel Money kwa namba ya shemeji, na muuzaji hakujua imetoka kwa nani.

Usiende kugombana. Nenda pamoja na mtu wa komite ya koperative, muombe kuona ukurasa wenyewe: tarehe gani, kitu gani, kilo ngapi, nani alitia sahihi. Kisha weka kando yake resi yako ao ujumbe wa telefone. Ujumbe ule una namba ya malipo, musiufute hata kama telefone imejaa.

Sheria inasema nini? Sheria yetu ya madeni ni ya zamani, ni dekre ya tarehe 30 Julai 1888. Kifungu cha 197 kina pande mbili: anayedai deni lazima alihakikishe, na anayesema alishalipa lazima ahakikishe malipo. Watu wanapenda upande wa kwanza, ule wa pili wanausahau. Kama ulitia sahihi kwamba ulichukua mbolea, ni wewe utakayeonyesha kwamba ulilipa.

Na wale waliokimbia vita, karatasi zikabaki kwa nyumba? Hao ni wengi hapa Masisi. Watafute waliokuwepo siku ya kulipa: aliyebeba mifuko, sekretere wa kikundi, jirani aliyelipa siku ile ile. Kaye ya AVEC nayo inaweza kuonyesha siku pesa ilitoka ndani ya sanduku.

Kuna wenye kulipa mara ya pili ili wapate mbegu haraka. Tunawaelewa, mvua haingojei mtu. Lakini ukilipa kimya, ni kama umekubali deni. Kama hakuna njia ingine, basi iandikwe kwa resi kwamba umelipa bila kukubali deni hilo, na kwamba utaendelea kulalamika.

Muuzaji akikubali amekosea, neno la mdomo halitoshi. Mumuombe barua fupi: jina lako, postinomu na prenomu, namba ya karata ya uchaguzi, deni gani, lililipwa siku gani, sahihi na tampo ya duka. Kufuta mstari kwa kaye yake hakubadilishi dosie yako kwa COOPEC, kwa hiyo barua hiyo uipeleke wewe mwenyewe kwa gerani, kabla kamati ya mikopo haijakaa. Utengeneze kopi mbili: moja gerani aitie tampo ya kupokea, urudi nayo nyumbani, ya pili iingie ndani ya sanduku la AVEC, lile la kufuli tatu.