Ukoga wa Meno: Nyumba ya Bakteria

Asubuhi kabla hujapiga mswaki, pitisha ulimi juu ya meno yako. Utahisi utelezi. Huo ndio ukoga. Wengi hudhani ni mabaki ya chakula, kumbe ni nyumba waliyojijengea bakteria.

Sisi wauguzi huletewa watoto wa miaka mitatu ambao meno yao ya mbele yameoza. Mama huuliza, "Nesi, hakuna dawa ya kusukutua tu?" Swali hilo linastahili jibu.

Bakteria wanaoozesha meno hula sukari ya chai, soda na pipi. Sukari nyingine huigeuza kuwa asidi inayolila jino, na nyingine huifanya gundi ya kujishikiza. Wakishajificha ndani ya gundi hiyo, dawa za kuua vijidudu haziwafikii kwa urahisi.

Basi wataalamu wakawaza: kwa nini tusiibomoe nyumba yenyewe? Wakageukia vimeng'enya. Hata mate yetu yanavyo. Ukitafuna ugali kwa muda mrefu huanza kuwa mtamu, kwa sababu kimeng'enya kimeukatakata kuwa sukari. Mwaka 1968, watafiti wa Marekani walieleza kwamba kimeng'enya kiitwacho dekstranesi kilipunguza ukoga na kuoza kwa meno ya wanyama wadogo waitwao hamsta.

Kilipojaribiwa kwa binadamu, matokeo hayakuwa mazuri kama yalivyotarajiwa. Kila kimeng'enya hukata kitu chake tu, na gundi ya ukoga ina nyuzi za aina mbalimbali. Zile ngumu, zisizoyeyuka majini, dekstranesi huziacha. Tena dawa ya kusukutua hukaa kinywani kwa muda mfupi tu. Watafiti wanaendelea kuchanganya vimeng'enya mbalimbali, lakini mpaka leo hakuna kilichochukua nafasi ya mswaki.

Kwa hiyo tubomoe nyumba hiyo kwa mikono yetu:

- Anza kupiga mswaki jino la kwanza linapoota, mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala.
- Tumia dawa ya meno yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto chini ya miaka mitatu, kisha kiasi cha punje ya njegere.
- Msaidie mtoto mpaka afike miaka saba hivi.
- Usimlaze na chupa ya chai au maziwa yenye sukari.

Ukoga hurudi kila siku. Nasi tusichoke kuuondoa kila siku.