Istilahi za Kupimia Maumivu ya Tumbo ya Watoto

Miongoni mwa maandishi yanayomfikia mfasiri wa siku hizi ni hojaji za hospitali, yaani karatasi za maswali ambazo mgonjwa huyajibu ili hali yake ipate kuandikwa kwa tarakimu. Katika makala hii tunakusudia kuzitazama hojaji za namna moja tu, nazo ni zile zinazopima dalili za tumbo kwa watoto wanaoumwa na tumbo miezi nenda miezi rudi. Tumezichagua kwa sababu ndani yake neno ndilo kipimo. Homa ina kipimajoto, na vijidudu vina hadubini. Lakini tumbo linalouma bila kidonda wala mdudu halina chombo cha kulipimia isipokuwa maneno ya mtoto mwenyewe. Neno likikosewa, hesabu yote imekosewa, na hakuna mashine itakayoigundua hitilafu hiyo.

Maradhi haya hayakuanza kupimwa leo. Mwaka 1958 John Apley, daktari wa watoto wa Bristol, Uingereza, na mwenzake Nora Naish walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi 1,000. Walihitaji kwanza mpaka wa kumtenga mtoto aliyeumwa jana kwa kula maembe mabichi na yule ambaye maumivu humrudia, nao wakauweka hivi: angalau mara tatu, katika muda usiopungua miezi mitatu, na kwa ukali wa kumzuia mtoto asifanye shughuli zake. Kwa kanuni hiyo walipata zaidi kidogo ya mtoto mmoja katika kila kumi. Kanuni ziitwazo za Roma, katika toleo la nne la mwaka 2016, kwa sehemu kubwa ya maradhi haya hutaka maumivu yatokee angalau mara nne kwa mwezi, kwa muda usiopungua miezi miwili. Msomaji ataona kwamba mipaka hii imejengwa juu ya idadi na muda. Kwa hiyo maneno madogo kama "mara" na "mwezi", ambayo mfasiri huyapita mbio, ndiyo yanayobeba uzito.

Tuanze na jina la maradhi. Wengi husema "maumivu sugu ya tumbo". Neno "sugu" ni zuri, lakini limekwisha kupata kazi nyingine: tunasema vijidudu sugu, na usugu wa dawa, yaani kutosikia dawa. Mzazi akiambiwa kwamba tumbo la mwanawe ni sugu, huenda akaelewa kuwa dawa zimeshindwa. Tena maumivu ya watoto hawa hayakai mahali pamoja kama sugu ya mguuni; huja, huondoka, kisha hurudi. Kwa maoni yetu "maumivu ya tumbo ya kujirudia" yanaeleza jambo hili vizuri zaidi, na "sugu" libakie kwa hali isiyoachilia.

Lililo gumu zaidi ni jina la fungu kubwa la maradhi haya, ambamo daktari hukagua asione kidonda, uvimbe wala mdudu. Hapa tumesikia "maumivu yasiyo na sababu", na hata "maumivu ya mawazo". Tafsiri zote mbili ni za hatari. Sababu ipo: neva za utumbo na ubongo hupelekeana habari, na kwa watoto hawa habari hizo hukuzwa, hata mnyooko wa kawaida wa utumbo husikika kama maumivu. Wataalamu wa kanuni za Roma wenyewe, mwaka 2016, waliyaita maradhi ya mawasiliano baina ya utumbo na ubongo. Twapendekeza "matatizo ya utendaji wa tumbo": umbo la tumbo ni zima, utendaji wake ndio wenye kasoro. Jambo hili si la wanaistilahi peke yao. Karatasi iliyoandikwa "bila sababu" ikifika kwa mwalimu mkuu, mtoto atahesabiwa kuwa anadeka au anatafuta kisingizio cha kukwepa shule, na mara nyingine atakapoumwa atanyamaza.

Neno "kipimo" nalo lina mtego wake. Mzazi aliyeambiwa "tutampima mtoto dalili zake" hungoja sindano ya damu au kikopo cha choo. Yafaa kutenga "kipimo", yaani hesabu inayopatikana, na "kipimio", yaani chombo cha kuipatia, ambacho hapa ni hojaji. Vivyo hivyo "dalili" tuliweke kwa yale anayoyasikia mgonjwa mwilini mwake, na "ishara" kwa yale anayoyaona au kuyagusa daktari.

Sasa tuingie tumboni. Katika Kiswahili "tumbo" ni kila kitu kuanzia chini ya mbavu hadi kinenani. Ni mfuko wa chakula, ni utumbo, na ni tumbo la uzazi pia. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo akisema anaumwa na tumbo, huenda anayataja maumivu ya hedhi kwa heshima. Hojaji hutaka kutenganisha mahali, kwa kuwa maumivu ya juu ya kitovu huhesabiwa fungu tofauti na yale yanayofungamana na kwenda choo. Kwa bahati lugha yetu haikukosa maneno: chembe cha moyo, kitovu, ubavu, kinena. Lakini mtoto wa miaka sita hajui chembe cha moyo, na afadhali aonyeshwe picha ya mwili aguse kwa kidole. Kwa namna ya maumivu tu matajiri: tumbo hukata, husokota, huchoma, huvuta, hunguruma. Mfasiri asiyatupe yote katika "kuuma" kwa ajili ya wepesi. Asitumie pia "uchungu" bila kufikiri, maana uchungu ni wa uzazi, ni wa shubiri, na ni wa moyo uliokasirika.

Mahali pa kuchekesha, na penye makosa mengi, ni chooni. "Choo" ni nyumba na ni kile kinachoachwa ndani yake. Ukimwuliza mtoto, "Je, umefunga choo?" atakujibu kwa uaminifu kwamba mlango aliufunga. "Umekosa choo?" ni swali ambalo bwana afya angeweza kumwuliza mwenye nyumba. "Mavi" na "kunya" hueleweka na kila mtoto, lakini mtoto aliyelelewa vyema hatayatamka mbele ya mtu mzima; naye mtu mzima huona haya kuyasoma. "Haja kubwa" ni ya adabu na haina utata, basi swali liwe, "Umepitisha siku ngapi bila kwenda haja kubwa?" na "Je, ilikuwa ngumu, ukaumia?" Kuna pia chati ya maumbo ya kinyesi ya Lewis na Heaton, iliyochapishwa mwaka 1997, nayo ikatoka Bristol vilevile, yenye aina saba. Aina ya kwanza, vidonge vigumu vilivyotengana, hufananishwa na njugu. Mswahili yeyote angesema kama mavi ya mbuzi, na asemee hivyo. Aina za katikati hufananishwa na soseji, chakula ambacho watoto wengi wa vijijini hawajakiona. Picha zibaki vilevile. Ni mfano wa maneno tu unaobadilishwa.

Dalili nyingine hazina taabu nyingi. "Kiungulia" ni neno kamili. "Kichefuchefu" pia, ila mfasiri akumbuke kwamba watu wengi husema moyo au roho imechafuka, na anayeandika majibu asidhani kuwa ni habari za moyo. "Kuvimbiwa" huchanganya kula kupita kiasi na kujaa upepo, yatenganishwe. Ila dalili moja yataka uangalifu: mtoto kushiba kabla hajamaliza chakula cha kawaida. Kushiba kwetu ni heri, na "Je, unashiba upesi?" husikika kama sifa. Aulizwe kama hushindwa kumaliza chakula alichokuwa akikimaliza zamani.

Turudi kwenye "mara". Hojaji moja ya Marekani, ya James Varni na wenzake, ina vipengele 74 katika mafungu 14, na kila jibu lina ngazi tano, kuanzia 0 hadi 4: kutotokea kabisa, kutotokea isipokuwa kwa nadra, kutokea pengine, kutokea mara nyingi, na kutokea karibu kila mara. Ngazi ya kati ndiyo yenye mashaka. "Mara nyingine" yaweza kuwa safari ijayo. "Mara kwa mara" kwa mmoja ni mfululizo, kwa mwingine ni pengine tu. Tumependelea "pengine", au "siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana" kwa wadogo. "Mwezi uliopita" nao waweza kuwa mwezi wa kalenda uliokwisha, au siku thelathini kabla ya leo. Hojaji hukusudia hizi za pili, basi ziandikwe. Na "tumbo liliuma saa moja?" ni swali la muda au la asubuhi? Iandikwe "kwa muda wa saa nzima".

Kwa watoto wadogo kuna kipimio cha sura sita, kilichotolewa mwaka 2001, ambacho hesabu zake ni 0, 2, 4, 6, 8 na 10. Sura hizo hazitabasamu wala hazitoi machozi, kusudi mtoto apime maumivu asipime furaha. Maelezo yake hukataza kutaja furaha au huzuni, na hapa ndipo "uchungu" ungeharibu kazi yote.

Kuna desturi moja ya lugha isiyoandikwa katika hojaji yoyote. Mtoto huulizwa "Hujambo?" naye hujibu "Sijambo," hata kama ameshika tumbo. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na tusingependa afundishwe vingine. Lakini anayeuliza maswali asilihesabu jibu hilo, wala asianze kuuliza pale pale baada ya salamu. Amweke mtoto kitako kwanza. Kabla hojaji haijatumiwa, isomwe kwa watoto wachache wa rika linalohusika, kila mmoja aeleze kwa maneno yake ameulizwa nini. Mama naye ana hojaji yake, kwa kuwa yeye huona ambayo mtoto hayaoni, na mtoto husikia ambayo mama hawezi kuyasikia. Majibu yao yakitofautiana, mwandishi asiwapatanishe. Ayaandike yote mawili kama yalivyotolewa, kila moja katika karatasi yake.