Sakafu ya beto "nzuri": namna ya kuandika masharti ya ujenzi wa depo

Mama mtunza pesa wa koperative moja ya nyanda za Ruzizi ndiye alituita. Ilikuwa mwezi wa 4, mvua inanyesha kila siku, na mahindi ya musimu A yalikuwa yamejaa ndani ya depo mpya, depo ambayo haikuwa imemaliza hata mwaka. Tulipofika, hakusema mengi. Alimwambia kijana mmoja ashushe mifuko ya juu, kisha akatuonyesha safu ya chini. Mifuko ilikuwa imelowana, na ndani mahindi yalikuwa yameshikana na kuota ukungu wa kijani. Safu yote ya chini ilipotea. Hata kuku hatukukubali wapewe, juu ya sumu ya ule ukungu haionekani kwa macho na haiishi kwa kupika.

Manjanja hayakuvuja. Maji yalitoka chini. Tulivunja pembe moja ya sakafu tukapima: beto ya sentimetre 6, imemwagwa juu ya udongo mtupu, hakuna mawe, hakuna plastiki.

Tulimwita mjenzi. Alikuja bila woga, na kontra mkononi. "Papa agronome, soma hapa. Mulisema sakafu ya beto nzuri, kwa kufuata kanuni za ufundi. Hii ni beto. Mbaya ni wapi?" Tulisoma, tukanyamaza. Yale masharti ya kazi, ile karatasi wengi wanaita kaye de sharje, tuliyaandika sisi. Mjenzi hakuvunja hata neno moja.

Tangu siku ile tumeandika upya masharti ya depo, safari hii tukikaa pamoja na komite na masoni wa kijiji. Tunaeleza hapa namna tulivyofanya, kwa sababu koperative nyingi ziko karibu kutia sahihi kontra za namna hiyo.

Kitu cha kwanza tulifuta maneno yote yasiyopimika: nzuri, imara, ya kutosha, ya kiwango cha juu. Neno "imara" kila mtu analipima kwa macho yake, na siku ya ugomvi macho ya mjenzi ndiyo yanashinda. Pahali pake tuliweka kitu ambacho memba anaweza kupima kwa metere ya fundi, kwa ndoo, au kwa kuhesabu.

Sakafu sasa inasomeka hivi: udongo ushindiliwe, juu yake mawe ya sentimetre 20, mchanga mwembamba wa kufunika meno ya mawe, plastiki nzito nyeusi, vipande vipandane sentimetre 20 na kupanda kidogo kwenye ukuta, halafu beto ya sentimetre 10. Kwa beto, mufuko 1 wa simenti wa kilo 50, brueti 1 ya mchanga, brueti 2 za graviye, na maji litre 25, yaani bido moja na robo. Brueti ni ya litre 60, imejazwa sawasawa, si kwa mlima juu. Hapo masoni walicheka, kwa kuwa mlima wa brueti wanaujua vizuri. Beto ikishamwagwa, inafunikwa na kumwagiliwa maji siku 7, na jina la mwenye kumwagilia linaandikwa.

Mnaona hizo sentimetre 10? Tuzihesabu. Depo ya metre 10 kwa 8 ina sakafu ya metre 80 za mraba. Kwa sentimetre 10, hiyo ni metre 8 za ujazo za beto. Kwa mchanganyiko tulioutaja, kila metre ya ujazo inakula karibu mifuko 7 ya simenti, kwa hiyo mifuko 56. Ukimwaga sentimetre 6 unatumia mifuko 34 tu. Mifuko 22 imebaki mahali fulani, na hakuna aliyeiba, kwa sababu karatasi haikusema unene. Tulipoandika hesabu hiyo kwenye ubao mbele ya memba, mkutano ulinyamaza kabisa.

Manjanja nayo yana mtego wake. Duka linauza BG 28, BG 30, BG 32, na mtu anafikiri namba kubwa ni kitu kikubwa. Ni kinyume: namba inavyopanda, chuma kinazidi kuwa chembamba. Ukiandika "manjanja mapya" tu, utaletewa yale ya bei ya chini, na upepo wa nyanda hauna huruma.

Lakini tusijisifu. Baada ya kosa la kwanza tulifanya la pili, la upande mwingine. Kwa depo iliyofuata tulichukua masharti ya jengo kubwa la mjini: mashine ya kutetemesha beto, vipimo vya laboratware, picha za kila aina. Masoni wa kijiji hawakuweza hata kuomba kazi. Walioleta deviz walitoka mbali, na bei yao ilipita uwezo wa koperative. Tukarudi nyuma. Sharti ambalo hakuna mtu pale kijijini anaweza kulikagua linapandisha bei tu. Mchanga, kwa mfano, tunaupima kwa chupa: tia mchanga hadi nusu, ongeza maji, tikisa, acha saa tatu. Udongo utakaa juu kama utando. Kama ule utando unazidi milimetre 8 kwa mchanga wa sentimetre 10, mchanga unaoshwa au unarudishwa mtoni. Chupa haikosekani popote.

Kuna jambo ambalo karibu kontra zote tulizoona zinalisahau: mchango wa memba. Koperative inasema "mawe na mchanga tutaleta sisi", inaishia hapo. Halafu ni wakati wa kupalilia, watu wako shambani, mjenzi anakaa wiki mbili anangoja mawe, na anadai malipo ya siku hizo. Ana haki. Kwa hiyo andikeni pia deni lenu: brueti ngapi, zimwagwe wapi, kabla ya tarehe gani.

Malipo tumeyafunga kwenye kazi itakayofunikwa. Mawe yakishapangwa na plastiki kutandikwa, kazi inasimama. Watu wawili wa komite wanapima, wanatia sahihi kwenye daftari, ndipo beto inamwagwa na pesa ya hatua ile inatoka. Asilimia 10 ya bei inabaki kwa koperative mpaka mvua za musimu mmoja zipite juu ya depo.

Na lugha. Kontra za kwetu zinaandikwa kwa Kifaransa, na komite inatia sahihi kwa heshima. Sasa masharti tunayaandika kwanza kwa Kiswahili, yanasomwa kwa sauti mbele ya masoni na memba, kisha yanatafsiriwa. Karatasi zote mbili zinatiwa sahihi, na kontra inasema ipi itafuatwa kama zinapingana. Sisi tunashauri ile ya Kiswahili.

Depo ya mwisho tuliyofuata hivi ilimwagiwa sakafu kabla ya mvua kuanza. Asubuhi ile mjenzi mwenyewe alituma mtoto: "Mwambie Mama aje na metere yake." Mama alikuja, akavuta uzi toka ukuta hadi ukuta, akapima pahali tisa. Pembe ya karibu na mlango ilitoa sentimetre 8. Mjenzi aliangalia, akaita vijana wake watoe plastiki, wapunguze mawe pale na kushindilia tena. Beto ilianza kumwagwa saa tano.