Istilahi za Kinga na Chanjo katika Mafunzo ya Wauguzi

Mwanafunzi wa uuguzi nchini Kenya hufundishwa elimu ya kinga kwa Kiingereza, kisha hutakiwa kuieleza kwa Kiswahili kwa mama aliyempakata mtoto kliniki. Hana budi kutafsiri papo kwa papo. Baadhi ya maneno anayoyatumia yamekomaa na hayana taabu, mengine humsaliti. Makala haya yanakusudia kuyachunguza machache, hasa yale ambayo kosa la neno laweza kumdhuru mgonjwa.

Neno chanjo latokana na kitenzi kuchanja, yaani kukata kwa chombo chenye makali. Kuni huchanjwa, na mganga humchanja mtu chale ili apake dawa. Mwaka 1796, Edward Jenner alitwaa usaha wa ndui ya ng'ombe kutoka mkononi mwa mkamuaji wa maziwa, akautia katika mikato midogo mkononi mwa mtoto wa miaka 8. Kwa kazi ya namna hiyo kitenzi cha Kiswahili kilifaa mno. Ndui yenyewe imekwisha: mtu wa mwisho kuambukizwa katika hali ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, mwaka 1977, na Shirika la Afya Duniani likatangaza mwaka 1980 kuwa maradhi hayo yametoweka. Neno limebaki. Matone ya polio hutiwa kinywani bila mkato wowote, nayo huitwa chanjo, wala hakuna aonaye kioja. Lugha za Ulaya zimefanya vivyo hivyo, kwani neno lao limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya ng'ombe. Kulitafutia chanjo mbadala ulio "sahihi" zaidi ni kazi bure.

Kinga ni neno gumu zaidi. (Lile la methali ya kinga na kinga ndipo moto uwakapo ni nomino nyingine, maana yake kijinga cha moto.) Kitenzi kukinga kina sura mbili: mtu hujikinga mvua isimlowese, na pia hukinga maji ya mvua kwa ndoo yasimpotee. Katika mazungumzo ya siku hizi, "kutumia kinga" ni kutumia mpira wa kiume. Aidha, kinga ni uwezo wa mwili wa kupambana na maradhi. Muuguzi asemaye tu kwamba "mtoto ana kinga" hajabainisha ni kinga ipi. Mtoto mchanga huzaliwa na kingamwili alizopewa na mama yake kupitia kondo la nyuma. Hiyo ni kinga ya kupewa, nayo hufifia baada ya miezi kadhaa. Kingamwili hizo zikiwa bado nyingi huweza kuibatilisha chanjo ya surua; ndiyo sababu mojawapo ya dozi ya kwanza kutolewa Kenya mtoto atimizapo miezi 9. Chanjo huufunza mwili kujijengea kinga yake wenyewe. Mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa huenda akahitaji zote mbili: kingamwili zilizo tayari hudungwa penye jeraha, na chanjo hufuata ratiba yake. "Kinga ya kupewa" na "kinga ya kujijengea" ni istilahi nyepesi ambazo mama yeyote atazielewa.

Mtego mwingine u katika uhai wa chanjo. Chanjo za surua, homa ya manjano, kifua kikuu na matone ya polio zina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Nyingine zina vijidudu vilivyouawa au, kama ile ya pepopunda, sumu iliyoondolewa nguvu ya kudhuru. Wako wanaoziita hizi "chanjo zilizokufa". Msikilizaji ataelewa nini? Ataelewa kwamba chanjo imeharibika, labda kwa kuwa jokofu lilizimika na kiwango cha nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi hakikuhifadhiwa. Heri kusema "chanjo ya vijidudu vilivyouawa", ijapokuwa ni ndefu.

Hatari kubwa zaidi imo katika dawa zinazotolewa kwa aliyepandikizwa figo, au kwa mgonjwa ambaye kinga yake inaushambulia mwili wake mwenyewe: prednisoloni, azathiopirini, siklosporini, methotreksati. Ziitweje? "Dawa za kupunguza kinga" ni tafsiri sahihi kwa sarufi, lakini neno UKIMWI lenyewe ni ufupisho wa ukosefu, au upungufu, wa kinga mwilini. Mgonjwa atadhani anatiwa maradhi hayo, na huenda akazitupa dawa. Na aliyepandikizwa figo akiziacha, mwili huikataa. "Kupunguza makali ya kinga" nako kunagongana na dawa za kupunguza makali ya virusi, ambazo kazi yake ni kinyume kabisa, kwani huiokoa kinga. "Kutuliza" ni neno la upole mno, kwani huficha hatari ya maambukizo. Kitenzi kifaacho ni kushusha. Wagonjwa wamekwisha kukizoea katika kushusha homa na kushusha shinikizo la damu, nacho hudokeza kipimo kinachoweza kupanda tena.

Jambo hili si la kamusi tu. Mtu mzima anayemeza prednisoloni miligramu 20 au zaidi kila siku kwa siku 14 au zaidi hapewi chanjo hai, na akisha kuacha hungoja angalau mwezi mmoja, kwa kuwa vijidudu vile dhaifu vyaweza kumshinda. Chanjo za vijidudu vilivyouawa aweza kupewa, ila huenda kinga ikajengeka kwa uhafifu. Muuguzi akimwuliza, "Je, unatumia dawa za kushusha kinga?" yamkini atajibiwa la, maana mgonjwa anajua tu kwamba anameza vidonge vya pumu au vya viungo. Swali lifaalo ni, "Ni vidonge gani unavyomeza, kwa ajili ya ugonjwa gani, na tangu lini?" Istilahi itafuata baada ya jibu.