Kutunza Subaru ya Turbo katika Vilima vya Gusii

Gari la mbio katika vilima vya Gusii kwa kawaida ni Subaru yenye turbo: Impreza WRX, ndugu yake WRX STI, au Forester iliyofungwa injini ya jamii hiyo. Sifa yake nchini Kenya ilijengwa na Safari Rally. Patrick Njiru aliliendesha mbele ya Wakenya wenzake katika miaka ya 1990, Colin McRae akashinda Safari ya 1997 akiwa na Impreza, naye Richard Burns akashinda na gari la jamii hiyo mwaka 2000. Magari yanayouzwa leo Kisii mjini au Keroka hayakutoka kwenye mashindano. Mengi yalitumiwa na raia wa Japani kwa miaka kadhaa, yakashushwa Mombasa, kisha yakapita mikononi mwa wenyewe wawili watatu hapa nchini. Kiwango cha Kenya cha KS 1515 hukataza kuingizwa nchini gari lililozidi miaka 8, lakini likishaingia linaweza kuendelea kutumika, ndiyo maana WRX yenye miaka 15 au 20 bado hupanda milima ya Nyamira. Kwa umri huo mipira, gasketi na mabomba huwa yamechoka, hata kama rangi ya bodi inang'aa.

Injini yake ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na pistoni huenda kushoto na kulia badala ya juu na chini. Subaru imeushikilia muundo huo tangu gari lake la 1000 la mwaka 1966. Uzito hukaa chini, kwa hiyo gari hutulia kwenye kona. Ubaya wake ni kwamba plagi ziko ubavuni, karibu na chesisi, na oili hulalia sili na gasketi za vifuniko vya vali, zikachakaa na kuvuja. Fundi hodari wa magari ya kawaida kama Probox anaweza kukwama hapa. Si kosa lake. Ni kazi nyingine kabisa.

Mji wa Kisii uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Nyamira hupita mita 2,000. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Gari lisilo na turbo hupoteza nguvu. Lenye turbo hufidia kwa kuizungusha kwa kasi zaidi, na fidia hiyo huzaa joto. Kimo kina athari ya pili ambayo wenye magari wengi hawaifikirii: maji yaliyo wazi huchemka Kisii kwenye nyuzi 94 hivi, wala si 100, ilhali injini iliyopata moto hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke ni kifuniko chake, ambacho hushikilia shinikizo na kuinua kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 115. Mpira wa kifuniko ukikauka au springi yake ikilegea, gari litachemsha likipanda kutoka Kisii kwenda Keumbu na Keroka, ingawa rejeta ni safi, feni inazunguka na pampu ya maji ni nzima.

Kwa hiyo gari likichemsha, kifuniko cha rejeta hubadilishwa kwanza, kisha thamostati hukaguliwa, kabla ya mtu yeyote kugusa silinda hedi. Maji ya mtoni hayafai kumwagwa humo. Chumvi zake hugandamana ndani ya rejeta, na maji matupu huila alumini ya injini. Kinachotakiwa ni kulanti iliyochanganywa kwa kipimo cha mtengenezaji. Kosa la kawaida gereji ni kubadilisha maji hayo bila kutoa hewa. Injini iliyolala huficha mapovu, na povu moja likinaswa karibu na thamostati hufanya mshale wa joto upande ghafla. Dawa ni kuliegesha gari likiwa baridi, pua ikielekea juu ya mteremko, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, na kuiacha injini ingurume polepole bila kifuniko, huku maji yakiongezwa mpaka mapovu yaishe. Kifuniko hakifunguliwi kamwe injini ikiwa moto. Maji yake huruka na kuunguza uso.

Hewa ikiisha kutolewa na mapovu bado yanaonekana kwenye chupa ya akiba, hapo gasketi ya silinda hedi hushukiwa. Dalili nyingine ni mabomba ya maji kuwa magumu muda mfupi baada ya injini baridi kuwashwa, maji kupungua bila kuonekana yanapovujia, na moshi mweupe wenye harufu tamu. Kuna kipimo cha kemikali ya buluu inayogeuka manjano inapokutana na gesi ya moto ndani ya rejeta. Gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na kuishusha injini, na ni haki ya mwenye gari kukidai kabla ya kukubali kazi kubwa kama hiyo.

Oili inahitaji jicho kila wiki. Injini hii ikichoka hula oili, na ikipungua, mlima mkali huisogeza nyuma ya sampu hadi pampu inavuta hewa. Sekunde chache za hali hiyo hutosha kuumiza beringi za fimbo za pistoni, na hiyo ndiyo njia mojawapo ambayo injini za WRX hunoki. Kipimo huchukuliwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa na kutulia. Katika vilima hivi uwanja wa kituo cha mafuta mara nyingi ndio mahali pekee panapofaa. Kwa gari la turbo linalopanda milima kila siku, kubadilisha oili na kichujio kila kilomita 5,000 ni busara. Baadhi ya injini hizi zina wavu mdogo ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Uchafu ukiuziba, turbo hukauka na kuvunjika, na turbo mpya ikifungwa bila wavu huo kusafishwa nayo huharibika vilevile. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kwa hiyo baada ya kupanda kwa nguvu injini iachwe ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili oili iliyomo isiungue.

Belti ya taimingi haitoi onyo. Kwenye injini za jamii ya EJ, ambazo ndizo nyingi barabarani, hubadilishwa kila kilomita 100,000, pamoja na tenshona, roli zake na pampu ya maji, kwa sababu kazi ya kuzifikia ni ileile. Ikikatika, pistoni hugonga vali. WRX mpya zaidi zenye injini ya FA20 hutumia cheni. Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi si ushahidi wa kutosha, maana huweza kurudishwa nyuma; kama hakuna karatasi inayoonyesha belti ilibadilishwa lini, ichukuliwe kuwa muda wake umepita.

Petroli nayo ina neno. WRX na STI zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya oktani 100 hivi, kiwango ambacho pampu ya kawaida Kenya haikifikii. Kompyuta ya injini hujitahidi kurekebisha, lakini sauti kama ya kokoto ndogo wakati wa kupanda ni ishara kwamba mafuta yanawaka kabla ya wakati, na jambo hilo huvunja pistoni. Petroli ya daraja la juu husaidia, na pia kushusha gia mapema badala ya kulilazimisha gari lipande kwa gia kubwa. Kijana anayeongeza nguvu ya turbo au kubadilisha ekzosi bila kompyuta kupangwa upya na mtaalamu huihatarisha injini hiyohiyo anayojivunia.

Taa ya injini ikiwaka, kazi ya kwanza ni kusoma kodi, yaani namba ya hitilafu, si kununua spea. Kifaa kidogo kinachounganishwa na simu huweza kufanya hivyo, ingawa baadhi ya magari ya Japani ya miaka ya 1990 hayasomeki kwa vifaa vya kawaida. Kodi hutaja mahali pa kuchunguza, haitoi hukumu. P0302, kwa mfano, husema silinda ya pili haiwaki sawasawa. Fundi makini huhamisha koili ya silinda hiyo hadi silinda nyingine na kusoma tena: kodi ikihama, koili ni mbovu, isipohama, hugeukia plagi, kisha injekta, kisha mgandamizo. Kipimo hicho hakihitaji spea yoyote. Kubahatisha spea ndiko kunakomaliza pesa za wenye magari haya kuliko ubovu wenyewe, na fundi anayebadilisha vitu vitatu kwa mpigo hawezi kujua kipi kilikuwa kibovu.

Subaru hizi huendeshwa na magurudumu yote manne, na hapo matairi huwa sehemu ya giaboksi. Tairi moja jipya likiwekwa pamoja na matatu yaliyokwisha huzunguka kwa kasi tofauti, na difu ya katikati hulazimika kufanya kazi bila kupumzika mpaka iungue. Mtengenezaji hutaka mizingo ya matairi yote ikaribiane sana, kwa tofauti isiyozidi milimita 6 hivi. Gari linaloshikashika likikata kona kali kwenye lami, kana kwamba breki imebaki, huenda tayari limeumia. Matairi manne ya aina moja, yaliyonunuliwa pamoja, ni ghali kwa siku hiyo tu.

Breki huteseka kwenye mteremko. Kutoka Kisii hadi Ahero barabara hushuka zaidi ya mita 500, na dereva anayekanyaga breki njia nzima huzichemsha. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yaliyozeeka huchemka upesi, kanyagio likazama bila gari kusimama. Yabadilishwe kila miaka miwili, na mteremko ushukwe kwa gia ndogo.

Eneo hili hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na barabara za udongo ziendazo kwenye vituo vya majani chai, zile za Kebirigo, Sanganyi, Tombe au Nyamache, huchimbwa na malori. Gari la chini kama WRX hukwaruza tumbo humo. Tope hukauka ndani ya rimu na kulitetemesha gari likikimbia. Rimu zioshwe kwa ndani kabla ya kulipia balansi. Mlio wa tak-tak wakati wa kukata kona hutoka kwenye viungo vya ekseli ambavyo mipira yake imechanika na kuingiza mchanga. Mpira ukibadilishwa mapema, kiungo hupona.

Spea ambazo maduka ya Kisii hayana huagizwa Nairobi, hasa Barabara ya Kirinyaga, na kuletwa kama mzigo wa matatu. Anayeagiza atume picha ya spea ya zamani na namba ya chesisi, kwa kuwa WRX mbili zinazofanana kwa macho huweza kutofautiana hata pampu ya maji.

Kuna sauti moja isiyosubiri gereji: mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini, unaoongezeka kasi kadiri injini inavyoongeza mzunguko. Hiyo ni beringi ya fimbo. Injini izimwe papo hapo na isiwashwe tena, hata kama mji uko kilomita mbili mbele. Gari lipakiwe lote juu ya lori. Likivutwa magurudumu mawili yakiwa juu na mawili yakizunguka barabarani, difu ya katikati huharibika, na mwenye gari hufika Kisii akiwa na matengenezo mawili makubwa badala ya moja.