Mabomba ya Kuzimia Moto na Mazingira: Chuma au Plastiki?

Makala haya yanaangazia athari za kimazingira za mabomba yanayopeleka maji kwenye vinyunyizio vya kuzimia moto. Katika mji kama Moi's Bridge, wenye maghala ya mahindi ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, moto mmoja waweza kuteketeza jasho la msimu mzima. Kinga yahitajika, ila nayo ina gharama yake kwa mazingira.

Aghalabu bomba hilo huwa la chuma. Kuzalisha tani 1 ya chuma kutokana na mawe ya madini, katika tanuri la makaa, hutoa takriban tani 2 za hewa ya kaboni. Isitoshe, maji yanayotuama ndani yake huleta kutu. Hata hivyo, chuma huyeyushwa tena bila kupoteza ubora, na chuma chakavu hakikosi mnunuzi nchini Kenya. Uchu wa bidhaa hiyo ulizidi mno hata serikali ikapiga marufuku biashara yake Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, kisha ikairuhusu kwa masharti mwezi Mei.

Plastiki ya CPVC ni nyepesi na haishiki kutu. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Ikichomwa jalalani hutoa gesi ya asidi. Tena huidhinishwa zaidi kwa makazi na ofisi kuliko maghala. Ghala la mahindi, basi, lafaa chuma. Mwenye nyumba ya wageni ndiye mwenye kuchagua, naye aghalabu huangalia bei ya dukani tu.